Mpagazi wa Saleha

Heshima ikizidi inageuka ukuta. Watu wa mtaa wetu wa Makorora watanibishia, maana sisi tumelelewa kwa kofi la mgongo mpaka shikamoo ikatoka yenyewe, lakini mtazameni Saleha. Tangu afiwe na mumewe, bwana Sadalla, hakuna anayeipita baraza yake bila kumwamkia. Watoto wanaokuja kununua barafu za ukwaju wanatanguliza shikamoo, wanapokea barafu, wanasema ahsante bibi, wanakwenda zao. Wanaume wakitoka msikitini wanapunguza sauti wakifika kwake. Kina mama wenzake wanamwita mama Hafsa kwa namna ya kumpoza, kama mtu aliyebeba yai. Kutwa nzima ataamkiwa na nusu ya mtaa, asipate hata mmoja wa kumwambia kwamba kanga yake ameivaa nje ndani.

Hafsa ndiye mwanawe wa pekee, na kazi yake iko Arusha, mapokezi ya hoteli. Eda ya mama yake ilipokwisha, kabla ya kurudi kazini, alichukua simu ya mama akamwekea mchezo unaoitwa Miji Saba.

"Tutacheza wote, mama," alisema. "Ukiniona humo ndani jua nimekaa hapa hapa mkekani."

Saleha aliuona mchezo wenyewe ni upuuzi. Mwanamke aliyekwisha kutimiza hamsini, mjane, mwenye jiko na friji ya barafu, anapewa vikatuni avitafutie maji. Alikubali kwa sababu mtoto alikuwa anaondoka, na mtoto anayeondoka hakataliwi kitu. Siku za mwanzo alikuwa akiushika kwa ncha ya kidole, uso ameukunja, na kila alipokosea alimpigia Hafsa simu kumlaumu. Kumbe hizo lawama ndizo zilikuwa maongezi yao.

Mchezo hauna ugumu wa kueleza. Kila mtu anapewa mji mdogo wenye kisima kimoja. Anajenga maghala, analima, anaweka askari. Wachezaji wapatao thelathini huungana wakawa kikundi, wakasaidiana chakula na ulinzi, na kazi yao kubwa ni kupigana na vikundi vya nchi za mbali. Kuna na uwanja wa maongezi, wanakikundi wanaandikiana humo. Na kitu chochote kinachotoka mji mmoja kwenda mwingine hubebwa na msafara wa wapagazi, vijitu vidogo vyenye mizigo kichwani, ambavyo unaviona vikitembea polepole juu ya kioo cha simu mpaka vifike.

Hafsa alicheza kwa muda mfupi akachoka. Hakusema. Mji wake ulianza kuota nyasi, na Saleha, akidhani mtoto anaumwa, akapiga simu.

"Aa, mama, mimi ule mchezo nilishaufuta. Unakula chaji."

"Na mimi niufute?"

"Ukitaka."

Hakuufuta. Kama angeulizwa kwa nini, angejibu ni kwa sababu ya ghala, maana alikuwa amelijaza mahindi mpaka juu na haikumwingia akilini kuyatelekeza, hata kama ni ya kuchora. Ukweli ni kwamba alipomaliza kuongea na Hafsa alitazama ua wake, akatazama simu, akaona kwenye simu angalau kuna watu wanaotembea.

Kikundi alichoingizwa na mwanawe kilikuwa cha vijana watupu, Watanzania na Wakenya wachache, na kiongozi wake alikuwa msichana wa Dar es Salaam aitwaye Queen, ambaye namba yake ya simu kila mwanachama anayo, na yeye anazo zao. Vijana wenye malezi, siwasemi vibaya. Walipogundua kwamba huyu anayejiita Saleha wa Kwamsisi, kijiji alikozaliwa huko Uzigua, ni mtu mzima, wote walibadilika. Asubuhi uwanja wa maongezi ulijaa shikamoo mama, shikamoo mama, shikamoo mama. Akiingia katikati ya maneno yao ya kuchekana, maneno yalikatika, kama darasa mwalimu anapotokea mlangoni. Wakimshukuru kwa mahindi walimtumia alama nyekundu za moyo, zile wanazoziita makopa. Saleha makopa anayoyajua ni ya muhogo, yanayoanikwa juani yakakauka, ukayatwanga ukapika ugali wa bada. Aliyatazama yale ya simu akasema moyoni kwamba hayatoshi hata kuonja.

Kwa hiyo ukuta wa Makorora ulikuwa umemfuata hadi humo. Aliendelea kuingia kila siku, akatoa mahindi, akaitikia marahaba, akatoka. Aliucheza mchezo kama anavyofagia ua.

Halafu akaja Laurenti.

Aliingia kikundini asubuhi moja Saleha akiwa anakoroga ukwaju jikoni. Jina alilolitumia ni Mnyamwezi wa Urambo. Alisoma orodha ya wanachama, kama anavyofanya mgeni yeyote, na neno lake la kwanza mbele ya watu halikuwa salamu.

"Kwamsisi? Nani amemfungulia Mzigua mlango? Yahesabuni mahindi yenu mapema."

Saleha alisoma, akaweka mwiko chini, akasoma tena. Kidole chake kilikuwa na rojo la ukwaju lakini hakungoja kunawa.

"Mnyamwezi, tua mzigo kwanza ndipo useme. Tangu lini mpagazi akaongea na mzigo uko kichwani?"

"Nimeshautua, mtumwa wangu. Lete maji ninawe."

Saleha alicheka. Alicheka peke yake jikoni, kwa sauti, mpaka mtoto aliyekuwa amesimama dirishani akingoja barafu akarudi nyuma hatua moja.

Kwa waliozaliwa juzi nieleze. Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Wazee husimulia kwamba misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi ikishuka pwani ilipita Uzigua, watu wakagombana, wakapatana, na mapatano yao yakawa haya ya kutukanana bila kukasirika, baba kwa mwana. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake, akakunyang'anya kuku, akakusema mbele ya wakwe, na wewe huna ruhusa ya kununa. Kuna mtu atasema huo ni ushenzi. Saleha alipokuwa msichana kule Kwamsisi, baba yake alifariki, na mama yake akakaa kwenye mkeka bila kula wala kulia, ametoa macho tu. Watu walimpa pole mpaka wakaishiwa. Akaja Mnyamwezi mmoja, kibarua wa shamba la mkonge, akaingia chumbani bila hodi, akavaa koti na kofia ya marehemu, akatoka akitembea na kile kigugumizi cha miguu alichokuwa nacho marehemu, akamwendea mjane akamwambia, "Mke wangu, hawa watu wote wanafuata nini, na uji wangu uko wapi?" Mama alicheka, kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka akachoka, halafu akaomba chakula. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Msiba wa Sadalla, hapa mjini, ulikuwa wa adabu tupu. Wale vibarua wa zamani wa Kinyamwezi wa mashamba ya mkonge ya Pongwe wamekufa, wajukuu wao walikuja na kanzu zilizopigwa pasi, wakasema pole mama, wakala pilau wakaondoka. Saleha hakucheka, na kwa hiyo hakulia inavyotakiwa. Alikuwa amekaa na kile kilio tangu siku hiyo.

Sasa turudi kwenye simu. Kuanzia asubuhi ile mchezo ulimgeukia Saleha ukawa kitu kingine. Alifurahi. Niseme wazi, alifurahi kiasi cha kuona aibu, akawa ananunua bando kabla ya kununua sukari, na akitoka kuswali alfajiri mkono ulikuwa unatangulia kwenye simu kabla ya kukunja mswala. Mchezo wenyewe ulikuwa kama umeshonwa kwa ajili ya hao wawili. Yeye Mzigua, na kwao Handeni njaa haikuwahi kuwa ngeni, alikuwa na maghala kuliko askari. Laurenti alisema mji wake unanuka hofu ya kiangazi. Saleha naye, kila msafara wa Laurenti ulipoingia mjini kwake, aliandika, "Wajomba zako wamefika. Mbona mmoja analegalega, umempa mzigo wa babu yako?" Akimpelekea mahindi, Laurenti alijibu kwamba yana dudu na kwamba anayapokea kwa huruma tu. Siku kikundi cha Waturuki kilipouvamia mji wa Saleha, Laurenti alitoa askari wake wote, akabaki mtupu, wakawafukuza Waturuki, halafu akaandika, "Usinishukuru. Sikuja kukusaidia, nilikuja kulinda mali yangu, na wewe ni mojawapo."

Hawakuwahi kuambiana habari zao kwa njia ya kawaida. Saleha alijua tu kwamba Laurenti ni fundi baiskeli kule Urambo, kwamba amempita umri, na kwamba anasali kanisa Katoliki, maana Jumapili hakuonekana mpaka mchana. Siku moja aliandika, "Leo nala ubwabwa nimepika mwenyewe. Mke wangu alinikimbia kwenda kwa Mungu. Hakika hata huko ameshafika ananisema."

Saleha alikaa na maneno hayo. Ingekuwa mtu mwingine angeandika pole. Akaandika, "Mwenye akili yule. Mimi ningeondoka mapema zaidi."

"Na wako?"

"Alikuwa Mdigo, mpole. Alikufa ili asikutane na wewe."

Laurenti alijibu kwa kicheko kirefu cha herufi. Saleha akaiweka simu juu ya friji, akakaa kwenye kigoda, na kile kilio kikatoka, chote, saa za mchana, mlango ukiwa wazi.

Sasa vijana. Wao walikuwa wanasoma yote haya na kushtuka. Mtumwa! Mali yangu! Kwa mama mjane! Walivumilia kwa muda, kisha Queen akamwandikia Saleha faraghani, kwa adabu ambayo hata mimi naisifu.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Huyu mzee Laurenti anakuandikia maneno makali mno, anakudhalilisha. Naomba uwe huru kuniambia. Je, anakusumbua?"

Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu Saleha alijibu sawasawa. Mtani hatetewi. Ukiulizwa habari za mtani wako, hata na hakimu, unamshitaki. Unamshitaki kwa makosa aliyoyafanya na ambayo hakuyafanya, na yule aliyekuuliza anajua kazi yake, anacheka, anayabeba maneno anampelekea mshitakiwa, na mshitakiwa anakuja juu. Mtu yeyote wa Kwamsisi angelijua hilo. Saleha akaandika, akitabasamu:

"Ananitesa huyo, mwanangu. Sina raha humu ndani. Ni mtumwa wangu wa kuzaliwa lakini adabu hana hata chembe. Mfukuzeni arudi kwao akabebe tumbaku."

Akaenda kufunga barafu kwenye vifuko, akisubiri kwa hamu Laurenti atasema nini.

Kesho yake asubuhi alikuta tangazo. Queen ameandika kwamba kikundi hakivumilii unyanyasaji wa aina yoyote, hasa kwa mama zetu, na kwamba mwanachama Mnyamwezi wa Urambo ameondolewa. Chini yake makopa mekundu yalimiminika mpaka kidole kilichoka kuyapitisha. Wengine waliandika pole mama, wengine uko salama sasa mama.

Saleha alidhani watoto wameanza kujifunza. Alidhani kikundi kizima kimeingia kwenye utani, na kwamba Laurenti yuko pale pale anasoma na kuguna. Akawaunga mkono.

"Afadhali," akaandika. "Nyumba imepumua."

Alikuwa ametuma mahindi kwa Laurenti jana yake jioni, na akafungua ramani aone yamefika wapi. Mahali palipokuwa na mji wa Laurenti palikuwa na mchanga. Msafara wake ulikuwa umegeuka nyuma, vile vijitu vinarudi kwa mwendo ule ule, mizigo yao kichwani, vikaingia mjini kwake vikapanga mahindi ghalani yalipotoka. Mchezo ukamwandikia kwamba mpokeaji hayupo.

Ndipo alipoelewa. Akatafuta kitufe cha kupiga simu, akampigia Queen.

"Shikamoo mama, umeamkaje?"

"Marahaba. Queen, mwanangu, mmemwondoa kweli?"

"Tumemwondoa mama. Na nimempeleka kwa wenye mchezo, wamemfungia kabisa. Usiwe na wasiwasi."

"Yule ni mtani wangu."

"Najua mama, alikuwa anajifanya anatania. Ndivyo wanavyoanzaga."

"Hajifanyi. Mtani. Mimi Mzigua, yeye Mnyamwezi."

"Mama, na mambo ya ukabila pia haturuhusu."

Saleha alivuta pumzi. "Mimi mwenyewe namwita mtumwa, kila siku. Hukusoma?"

"Nilisoma. Ulikuwa unajitetea mama, ni haki yako."

"Nilikwambia mfukuzeni kwa utani."

Sauti ya Queen ilizidi kuwa laini, ile ile ya Makorora, ya kubeba yai. "Mama, watu wengi wanaoonewa huwa wanamtetea anayewaonea. Nimesomea haya. Usijilaumu."

"Wewe baba yako kabila gani?"

"Baba Mchaga, mama Mpare."

"Basi hao ni watani wakubwa. Hujawasikia wakitaniana?"

"Walikuwa wanasemana sana mama. Mpaka wakaachana."

Saleha akaacha habari za wazazi. Aliomba namba ya Laurenti, Queen akasema hawezi kumpa, kwa usalama wake mwenyewe. Wakaagana kwa heshima zote.

Siku zilizofuata mchezo ulioza mikononi mwake. Aliuchukia kuliko alivyouchukia mwanzo, maana mwanzo hakuwa na kitu cha kupoteza humo. Shikamoo mama zilipanda kila asubuhi kwenye kioo na kila moja ilimchoma, kwa sababu watoto hawa walimpenda, ndiyo ubaya wenyewe, walimpenda na wakamtolea nje mtu pekee aliyekuwa anamwona. Mara mbili alishika kile kitufe cha kuufuta, akakiachia. Akiufuta, Laurenti akirudi atamkuta wapi? Alichotaka ni kimoja tu: Laurenti arudi amtukane.

Akampigia Hafsa.

"Mama, kumbe bado unacheza ule mchezo?" Hafsa alicheka kwa mshangao. Mama yake hakucheka, na Hafsa akaacha. "Kuna nini?"

Saleha akamsimulia. Alisimulia vibaya, akirukaruka, na katikati Hafsa akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, huyu Laurenti ni nani hasa kwako?"

"Ni mtumwa wangu."

"Mama."

"Hafsa, baba yako hayupo, wewe hupo. Nina watu mtaa mzima wananiamkia. Huyu ananisema. Basi. Nenda kazungumze na huyo mwenzio, mnajua lugha yenu."

Hafsa aliomba namba ya Queen, akaiandika. Halafu akasema, "Nitampigia leo leo." Na alimpigia. Sijui walizungumza nini, watoto wa siku hizi wakiongea wao kwa wao wanamalizana haraka, lakini Queen alikubali. Mji wa zamani wa Laurenti umekwisha, wenye mchezo hawaurudishi, ila anaweza kuanza mwingine, na Queen mwenyewe atamtafuta, atamweleza malalamiko yaliyokuwepo na masharti ya kurudi. Hafsa alimpigia mama yake kumpa habari akiwa anajivunia, na mama alimwombea dua ndefu.

Hakuna aliyefikiri kuhusu hilo neno, malalamiko.

Laurenti alirudi siku ya tatu baada ya alasiri. Kijiji chake kipya kilitokea pembeni mwa ramani, kisima kimoja, vibanda viwili. Jina aliloandika ni Laurenti, basi, halina Mnyamwezi wala Urambo. Saleha alikuwa barazani. Maneno alikuwa ameyaandaa tangu asubuhi, ameyageuza mdomoni akiosha vyombo, na aliyaandika mbele ya wote kabla mtu mwingine hajamkaribisha.

"Mpagazi, ulipotelea wapi na mzigo wangu? Au uliufungua ukala njiani?"

Saleha aliweka simu karibu na uso. Kisha jibu likaja.

"Shikamoo mama Saleha. Nimefika salama. Naomba radhi mbele ya wote kwa maneno yangu ya nyuma. Sikujua kwamba yalikuwa yanakuumiza."

Makopa yakashuka. Queen akaandika, karibu sana mzee wetu, huu ndio ukomavu.

Saleha alilisoma lile neno la kwanza. Mwanamume aliyempita umri, mjane mwenzie, fundi wa watu, anampa shikamoo kama mtoto wa barafu. Hakuiitikia. Aliingia faraghani.

"Laurenti, acha hayo. Nilikuwa nakutania. Nimeulizwa habari za mtani nikajibu kama mtani. Hawa watoto hawajui."

"Naelewa mama."

"Usiniite mama. Umenizidi wewe. Niite mtumwa wako."

Kioo kilionyesha kwamba anaandika. Kikaacha. Kikaonyesha tena. Mtoto mmoja alifika barazani na sarafu yake mkononi, Saleha akamwashiria kwa kidole ajichukulie mwenyewe kwenye friji.

"Niliambiwa umenishitaki," Laurenti aliandika. "Hilo sikulijali, nilicheka, nikasema huyo ni Mzigua kweli. Lakini huyu binti Queen alinisomea na ulilolisema nilipokwisha kutoka, kwamba nyumba imepumua. Mtani hutukanwa akiwepo, mama, asikie, ajibu. Aliyefukuzwa hasemwi mgongoni. Hapo nikaona kumbe mwenzangu hakuwa anatania. Lakini yamekwisha. Mungu akubariki."

Saleha alijua kwamba ndivyo ilivyo. Ndiyo sheria yenyewe, na yeye angeamua hivyo hivyo.

"Sikujua kama umeshatoka. Nilidhani uko unasoma."

"Inawezekana mama."

Inawezekana. Angalau angesema mwongo wewe, Mzigua hajawahi kusema kweli tangu dunia iumbwe. Saleha alitafuta mlango mwingine. Akafungua maghala yake yote, akapakia mahindi mpaka mchezo ukamwonya kwamba mji wake utabaki na njaa, akatuma. Msafara ulikuwa mrefu, haujapata kuwapo mfano wake kikundini, ukatambaa kioo kizima kuelekea kile kijiji cha kisima kimoja. Alimwandikia, "Nakuletea mahindi. Yana dudu, kuku wangu wameyakataa. Nikasema nimtafutie asiyejua kuchagua."

Alikaa akautazama msafara. Watu walipita, wakamwamkia, aliitikia bila kuinua uso. Wapagazi walifika, wakatua, ghala dogo la Laurenti likajaa likamwagika. Alingoja.

"Ahsante sana mama. Nimeyapokea yote. Ni mahindi mazuri sana."

Alilisoma mara moja tu. Maghala yake yalikuwa wazi na matupu, na vijitu vyake vilikuwa vinarudi mikono mitupu. Alirudi kule uwanjani kwenye watu wote, ambako shikamoo ya Laurenti ilikuwa bado iko juu, haijaitikiwa, na vijana walikuwa wameanza kuulizana kama mama yuko salama. Shikamoo haiachwi ikining'inia, hata anayekupa akiwa amekosea mtu. Saleha alitafuta neno jingine la kuijibu, na Kiswahili chote alichonacho hakikuwa nalo.

"Marahaba, baba," akaandika.

Makopa yakaanza kumiminika.